Bukavu: Ugumba wa homoni una tiba, lakini lawama humwangukia mke

Jijini Bukavu, ndoa ikikaa miaka bila mtoto, macho ya ukoo humgeukia mke. Wengi hupitia vyumba vya maombi na waganga wa kienyeji kabla ya kufika hospitalini.

Hata hivyo, sababu moja kubwa ya ugumba ni ugonjwa wa homoni uitwao SOPK kwa kifupi cha Kifaransa. Yai halikomai ipasavyo, na hedhi huchelewa au hupotea kwa miezi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye ugonjwa huu hawajui kuwa wanao.

Ugumba huo hutibika mara nyingi: vidonge vya letrozole huchochea yai kutoka, na mwenye uzito uliozidi husaidiwa na kuupunguza.

Kikwazo ni fedha. M23 ilipouteka mji Februari 2025, benki zilifungwa, na familia nyingi zikabaki kutafuta chakula kwanza. Ekografia na vipimo vya damu vikaahirishwa.

Kikwazo kingine hakihitaji fedha nyingi: mume naye akubali kupimwa mbegu. Kabla ya mahari kudaiwa irudishwe, majibu yawe ya wote wawili.