Mahindi Yenye Ukungu Si Chakula cha Mbwa



Wewe wa Hindi na Mpeketoni hufugi mbwa kwa fahari. Mchana huwafukuza nyani, usiku nguruwe. Sisi wa Langoni hatufugi mbwa, lakini mahindi aliyoyalinda twayala. Basi mbona mahindi yaliyoota ukungu husagwa yakaitwa "ya mbwa"?

Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu. Sumu hii huharibu ini, wala kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliwaua watu 125 katika mikoa ya Mashariki na Kati, hasa Makueni na Kitui. Kimuuacho bwana hakitamwacha mbwa wake. Kuku na mbuzi pia wasipewe, kwani sumu huweza kupita katika mayai na maziwa ikakurudia. Tena usimpe mbwa mchuzi wa vitunguu, humharibu damu.

Najua gunia limekutoa jasho, na kulifukia kwauma. Lakini mbwa akifa, nguruwe watakula shamba zima. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Yakikauka, yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Yaliyooza, yafukie.