Batri ya gari isichajiwe chumbani

Juma hili tunazungumza juu ya chombo ambacho wengi husema ni cha wanaume, lakini sisi ndio tunaoshinda nacho: batri ya gari. Zamani ilikaa ndani ya gari tu. Siku hizi iko nyumbani, inawasha taa na televisheni, inachaji simu za majirani na kutuletea franga kidogo. Na umeme ukirudi saa tano ya usiku, tunaichaji pale pale ilipo, mara nyingi chumbani, karibu na kitanda cha watoto, dirisha limefungwa kwa kuogopa wezi.

Hapo ndipo tunaposema hapana.

Batri inapochajiwa, hasa inapokaribia kujaa, maji yaliyo ndani yake hutoa hewa iitwayo hidrojeni. Hewa hiyo haionekani wala hainuki. Ikifika sehemu 4 tu katika 100 za hewa iliyopo, cheche moja inatosha kuilipua, na penye vizibo vya batri huwa nyingi kuliko mahali pengine. Batri ikipasuka inarusha asidi usoni na machoni. Mshumaa, kibatari, mbabula, sigara ya baba, vyote vikae mbali. Ukisikia harufu ya yai bovu, batri imechajiwa kupita kiasi: chomoa chaja ukutani, fungua madirisha, usiguse pensi mpaka harufu iishe.

Tunajua mtajibu: tukiiweka nje itaibiwa. Ni kweli, na batri ni mali. Basi iwekwe sebuleni chini ya dirisha lenye vyuma, dirisha likiwa wazi, au jikoni ya nje siku ambayo hakuna moto. Umeme ukija mchana, chaji mchana, mtu mzima akiwa macho. Na mwenye chumba kimoja tu, ambamo watoto wanalala na makaa yanawaka? Kwa maoni yetu, huyo aipeleke kwa mwenye kazi ya kuchaji na kulipa. Fedha hizo hazipotei bure.

Sasa pensi. Kwanza tenga taa na vyombo vyote vinavyotumia batri hiyo. Chaja isiwe imechomekwa ukutani. Pensi nyekundu kwenye alama ya kujumlisha, pensi nyeusi kwenye alama ya kutoa, ndipo uchomeke. Kumaliza ni kinyume chake: chomoa ukutani kwanza, kisha toa nyeusi, mwisho nyekundu. Cheche hutokea pale unapogusisha pensi wakati umeme unapita, kwa hiyo mpangilio huu si mapambo. Batri ikiwa bado ndani ya gari, pensi nyeusi ishikwe kwenye chuma kitupu cha gari, mbali na batri na mbali na bomba la mafuta.

Usiongeze nguvu ya chaja kwa kuwa umeme utakatika alfajiri. Kadiri nzuri ni sehemu moja ya kumi: batri ya 50 Ah ichajiwe kwa ampea 5 hivi, na ikiwa imekwisha kabisa itachukua zaidi ya saa 10. Usiku mmoja usipotosha, endelea kesho. Chaja nyingine hujizima batri ikijaa, nyingine hazijizimi. Muulize aliyekuuzia, na kama haijizimi usiiache mkalala.

Kuna jambo linalotutisha kuliko hayo yote, nalo ni chupa. Asidi huuzwa kwa kumiminwa katika chupa za soda au za maji, na watu huiita "maji ya batri". Mtoto mwenye kiu atajuaje? Isiingie nyumbani ndani ya chupa ya kinywaji, hata kwa siku moja. Tena, batri yenye vizibo iliyopungua inahitaji maji yaliyotoneshwa yanayouzwa dukani, si asidi, wala maji ya bomba. Kama mabamba ya ndani yanaonekana makavu, yafunike kidogo kabla ya kuchaji. Kiasi kilichobaki jaza baada ya kuchaji.

Asidi ikiruka jichoni, mwagia maji safi mengi mara moja, kope zikiwa wazi, dakika 20 bila kuacha, ndipo mkimbie kituo cha afya. Msianze na safari. Kwenye ngozi vilevile, huku nguo zikivuliwa. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Mtoto akiinywa, asilazimishwe kutapika: mwoshe mdomo kwa maji na mwende haraka, mkibeba ile chupa muuguzi aione. Iliyomwagika sakafuni, nyunyizia bikarbonati mpaka iache kutoa povu, kisha osha.

Na ile batri iliyokufa iliyo nyuma ya nyumba, ambayo watoto wameifanya kiti? Ndani yake kuna madini ya risasi, ambayo huharibu akili ya mtoto polepole bila homa wala kikohozi. Mtu akija kuinunua, auziwe ikiwa nzima na aichukue. Akitaka kuivunja na kuiyeyusha palepale uwanjani kwenu, mwambieni aende nayo.