Nani aisukuma damu moyo unaposhonwa?

Mwulize mwanafunzi yeyote wa sayansi angependa kuwa nani, naye atakujibu upesi: daktari, mwuguzi, mfamasia au mhandisi. Sisi walimu hatuna haki ya kumcheka, maana orodha hiyo ni yetu. Ndiyo tuliyorithi na ndiyo tunayorithisha. Sijamsikia hata mmoja akimtaja mtaalamu wa pafyusheni, yaani yule aendeshaye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati mgonjwa anapopasuliwa. Jambo hili lanisikitisha, kwa kuwa bila mtu huyo upasuaji mwingi wa ndani ya moyo hauwezekani, hata daktari awe bingwa wa mabingwa.

Ili daktari aukate moyo na kuushona, aghalabu hana budi kuusimamisha kwanza. Lakini ubongo hauwezi kustahimili dakika nyingi bila oksijeni. Hivyo damu hutolewa mwilini kwa mipira, ikapitishwa katika kifaa kinachoitia oksijeni na kuiondolea kaboni dayoksaidi, kisha ikarudishwa katika aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Mtu mzima wa wastani huhitaji lita 4 hadi 5 hivi kila dakika. Mtaalamu ndiye akadiriaye kiasi hicho kwa kimo na uzito wa mgonjwa, ndiye aipozaye damu na kuipasha, na ndiye ahakikishaye kwamba dawa ya heparini imeizuia isigande mashineni. Akiruhusu mapovu ya hewa yapenye hadi ubongoni, mgonjwa aweza kupooza au kufa ilhali mkono wa daktari haukukosea lolote.

Mashine hii ilifaulu kwa mara ya kwanza tarehe 6 Mei 1953 mjini Philadelphia, Marekani, daktari John Gibbon alipomziba tundu la moyo msichana wa miaka 18, Cecelia Bavolek. Kwa dakika 26 msichana yule aliitegemea mashine peke yake. Gibbon alikuwa ameliwaza jambo hilo tangu 1931, na mkewe, Mary, alishirikiana naye katika majaribio ya miaka mingi juu ya paka. Watu humtaja mume wakamruka mke. Labda desturi ya kumsahau aliye mashineni ilianzia hapo.

Kwetu jambo hili si la anasa. Homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, huharibu vali za moyo, na waathiriwa wake wengi ni watoto wa umri wa kwenda shule. Ndio hao walioketi madarasani mwetu.

Je, kijana aanzeje? Wapo wasemao kwamba dawa ni kufungua kozi katika kila chuo. Mimi siafikiani nao. Nchini Marekani, mwanafunzi hutakiwa kuendesha mashine katika operesheni 75 kabla ya kufuzu, na akishafuzu hana budi kutimiza angalau 40 kila mwaka ili cheti chake kisife. Idadi hizo zatufunza kwamba kazi hii hujifunzwa kando ya kitanda cha upasuaji. Chuo kisicho na operesheni kitatoa wenye vyeti, si wenye ujuzi. Afadhali tuwapeleke wanagenzi wachache katika hospitali zipasuazo moyo, kama Kenyatta jijini Nairobi na Tenwek kule Bomet, au tushirikiane na jirani zetu wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Nao walipwe wakiwa mafunzoni na waahidiwe kazi, maana ujuzi huu una soko ughaibuni.

Mwanafunzi naye asikae akingoja serikali. Mtaala wa umilisi wamtaka achague mwelekeo anapoingia sekondari ya juu. Basi ashike biolojia, kemia na fizikia, kisha apitie uuguzi, utabibu au uhandisi wa vifaa vya hospitali. Ajipime pia tabia. Kazi hii yamtaka mtu awezaye kukaa macho saa nyingi, arudiaye amri ya daktari kwa sauti kabla ya kuitekeleza, na athubutuye kumwambia bingwa, "Subiri, hapa pana hitilafu." Ampendaye sifa asiende huko, mgonjwa akizinduka atamshukuru daktari na Mungu.

Na popote atakapoitiwa mafunzo, aulize swali moja kabla ya kulipa karo: nitaendesha mashine mara ngapi kabla ya kufuzu, na chini ya uangalizi wa nani? Akijibiwa kwa kusitasita, atafute kwingine.