SEHEMU YA 6: Kabla hujasema "mzazi ana kisirani"



Sehemu ya 5 tuliongelea maziwa kutoka machache. Wengi mlioniandikia baada ya hapo mliuliza jambo lingine kabisa. "Nesi, mbona tangu nijifungue nacheka asubuhi, mchana nalia, jioni namfokea kila mtu?" Na baba mmoja akauliza kwa kifupi: "Nesi, mke wangu amekuwa na kisirani tangu ajifungue, kuna dawa ya asili?"

Dawa ya asili ipo. Ila haiko kwenye chupa, na anayetakiwa kuitumia si mke peke yake. Ni nyumba nzima. Hilo ndilo neno langu la leo, na nitalisimamia mpaka mwisho wa posti hii, kwa hiyo jitengenezeeni uji mkae.

KWANZA, KINATOKEA NINI MWILINI?

Miezi yote ya ujauzito kondo la nyuma linatengeneza homoni nyingi sana, hasa estrojeni na projesteroni. Likishatoka, homoni hizo zinashuka kwa kasi ndani ya siku chache. Mwili uliokuwa umezoea kiwango cha juu unajikuta chini ghafla. Ongeza damu iliyopotea, mshono unaouma, maziwa yanayojaa mpaka kifua kinakuwa jiwe, na kichanga anayetaka kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Sasa niambie, nani angebaki anatabasamu?

Ndiyo maana kuanzia siku ya pili au ya tatu, zaidi ya nusu ya wanawake wanaojifungua wanapata hali ya kulia bila sababu, hasira za ghafla, wasiwasi, moyo kuwa mwepesi. Hii ni kawaida. Kwa wengi inapungua yenyewe na kuisha ndani ya wiki mbili. Shikeni hilo la wiki mbili, nitalirudia huko chini.

Kwa hiyo mama, hujachanganyikiwa. Hujarogwa. Na wala huna roho mbaya kwa sababu umemfokea wifi yako aliyekuja kukusalimia.

MASWALI MANNE KABLA YA LAWAMA

Kabla mtu yeyote hajasema "huyu ana kisirani", naomba nyumba ijiulize maswali manne. Ameshalala? Ameshakula? Leo ameona jua? Leo ameongea na mtu mzima kuhusu kitu kingine zaidi ya nepi?

1. USINGIZI

Ushauri tunaoutoa sana sisi wauguzi ni huu: "Lala mtoto anapolala." Ushauri mzuri. Lakini mtoto akilala, nepi anafua nani? Chakula anapika nani? Yule mkubwa wa miaka mitatu anamwangalia nani? Ukimwambia mwanamke alale halafu kazi zote zikabaki zinamsubiri pale pale, umempa kazi nyingine ya kushindwa.

Baba, hapa ndipo unapoingia. Kunyonyesha huwezi, tumekuelewa. Ila mtoto akiamka usiku wewe unaweza kumtoa kitandani, kumbadilisha nepi, kumleta kwa mama, na akishashiba kumchukua, kumcheulisha na kumbembeleza mpaka alale. Mama afanye kazi moja tu ya kutoa titi, kisha ageuke alale. Jaribuni usiku mitatu mfululizo halafu mniambie kama kile kisirani bado kipo chote.

Na mama, ile simu ya saa nane usiku, unanyonyesha huku unaangalia picha za wenzio waliojifungua wakarudi wembamba ndani ya mwezi, iweke mbali. Haikupi usingizi wala amani.

2. CHAKULA

Mama anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku. Kwa lugha ya jikoni: ongeza mlo mmoja mdogo juu ya ile mitatu. Sasa nyumba nyingi zinafanya kinyume. Mama anakunywa chai na mkate saa nne, mlo wa maana anaupata jioni baada ya wote kula. Njaa ina hasira zake jamani, hata mwanaume mzima akichelewa kula tunamkwepa.

Mtori ni mzuri, uji ni mzuri, supu ni nzuri. Ila supu peke yake haitoshi. Weka maharage, dagaa, mayai, maini ukipata, mboga za majani, viazi, ndizi. Angalia sana damu. Mwanamke aliyepungukiwa damu anachoka, kichwa kinazunguka, anakosa uvumilivu, na wote mnadhani ni tabia. Chai ukinywa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma, kwa hiyo isubiri kama saa moja baada ya kula. Chungwa au glasi ya ubuyu pamoja na mboga inasaidia mwili kuyachukua. Na vile vidonge vya FEFO ulivyopewa kliniki usivifiche chini ya godoro. Muulize muuguzi uendelee navyo mpaka lini, maana kwa wanawake wengi huku kwetu vinahitajika hata wiki kadhaa baada ya kujifungua.

Maji je? Kila unapokaa kunyonyesha, kikombe kiwe pembeni.

3. JUA NA MIGUU

Kukaa ndani siku arobaini dirisha limefungwa na pazia limeshushwa hakumlindi mama. Asubuhi jua likiwa bado la upole, toka hata hapo uani. Mwili ukipata nguvu, tembea mpaka kwa jirani wa tatu na kurudi. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha kuanzia. Mazoezi mepesi yanasaidia moyo kutulia, hilo limeshathibitishwa vizuri. Aliyejifungua kwa upasuaji aende polepole zaidi na asikilize alivyoelekezwa hospitali. Na tafadhali, kidonda cha upasuaji hakikandwi kwa maji ya moto.

4. MTU WA KUONGEA NAYE

Wengi wenu mnaishi chumba na sebule mjini, mama mzazi yuko mkoani, mume anatoka alfajiri anarudi usiku. Kutwa nzima unaongea na mtu asiyejibu. Hapo hata mtu mwenye moyo wa chuma atalia.

Chagua mtu mmoja. Dada, jirani, mwenzio wa kikoba, wa jumuiya, yeyote asiyekucheka. Mwambie ukweli: "Leo nimeamka vibaya." Hiyo tu. Ukitaka, chukua daftari la shule na kwa siku saba uandike kila jioni mistari mitatu: nimelala saa ngapi kwa jumla, nimekula mara ngapi, moyo ulikuwaje. Siku ya saba soma yote. Mara nyingi utaona zile siku mbaya zinafuatana na usiku mbaya na tumbo tupu. Ukishaona hivyo, utaacha kujiona mtu mbaya, na utakuwa na kitu cha kumwonyesha mumeo au muuguzi.

WAGENI

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa nyumba yenye kichanga, mimi nasema jembe litolewe siku ya kwanza. Umekuja kumwona mtoto? Karibu sana. Beseni la nepi lile pale. Au pika, au mwangalie huyu mkubwa saa moja mama alale. Mzazi hatakiwi kuamka kukupikia chai ili uje umwambie mtoto hafanani na baba yake.

"MBONA BIBI ZETU HAWAKUWA NA MAMBO HAYA?"

Naisikia sana. "Bibi yangu kazaa kumi, hakuna aliyemwona analia. Haya mambo ya siku hizi ni kudeka."

Tuwe wakweli. Bibi alikuwa na arobaini. Kulikuwa na shangazi anapika, mdogo mtu anachota maji, mama mkwe anamwogesha mtoto, jirani analeta kuku. Kazi ya mzazi ilikuwa kula, kunyonyesha na kulala. Sisi tumeikata ile arobaini vipande, tukabakiza vya kumfungia ndani na kumkanda, tukatupa wale watu waliokuwa wanambebea kazi. Halafu tunashangaa hawezi.

Na siyo kwamba wakati ule wote walikuwa salama. Waliougua walisemwa wamerogwa au wana mapepo, wakafichwa. Kutoonekana siyo kutokuwepo.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya siku 84 kwa mtoto mmoja, 100 kwa mapacha. Baba aliyeajiriwa anapata siku zisizopungua 3. Tatu! Wanaofanya biashara zao hawana hata hizo. Maana yake siku ya nne mama anabaki peke yake na kichanga, ndiyo hizo siku machozi yanaanza. Ndiyo maana nasema msingoje mtoto azaliwe. Mkiwa na mimba ya miezi saba, kaeni chini mpange: nani atakuja, atakaa mpaka lini, nani anafua, nani anapika, usiku tunapokezana vipi. Mnapanga begi la hospitali kwa wiki nzima, pangeni na hili.

TAHADHARI NA WAUZA CHUPA

Kuna watu watakuuzia unga wa "kusawazisha homoni" na maji ya "kusafisha kizazi na kuondoa hasira". Neno asili limekuwa biashara. Unanyonyesha, na vitu vingi unavyokunywa vinaweza kupita kwenye maziwa. Kama muuzaji hawezi kukuambia ndani kuna nini na kiasi gani, usinywe. Hela hiyo nunua mayai.

TABIA ZA KILA SIKU ZINA MPAKA

Hapa naomba msome taratibu. Kula, kulala, jua na mazungumzo vinasaidia sana. Havitibu kila kitu.

Kama wiki mbili zimepita na huzuni haiondoki au inazidi. Kama huwezi kulala hata mtoto akiwa amelala. Kama huna hamu ya kula. Kama unamwangalia mtoto huhisi chochote. Kama unajiona hufai. Hiyo siyo uchovu tena. Inaweza kuwa sonona baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea takriban asilimia 20 ya wanawake waliojifungua wanapata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Ni mmoja kati ya watano. Kwenye benchi la kliniki lenye akina mama kumi, wawili wanaweza kuwa wanaumwa na hakuna anayejua.

Inatibika. Kwa mazungumzo na mtaalamu, na ikibidi kwa dawa, na zipo dawa ambazo mama anaendelea kunyonyesha huku anazitumia. Wakati mwingine kipimo kinaonyesha kumbe ni upungufu wa damu au tezi ya shingo. Huwezi kujua ukiwa umejifungia chumbani.

Ukija chanjo ya wiki ya 6 usiishie kwenye uzito wa mtoto. Mwambie muuguzi: "Na mimi siko sawa." Asipokusikia, mwambie mwingine. Usisubiri hiyo wiki ya 6 kama umezidiwa sasa. Na wauguzi wenzangu mnaosoma hapa, tukishapima mtoto tumuulize na mama analalaje. Ni dakika mbili.

Na hili ni la dharura, la kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe usiku: mama anayesema anataka kufa, anayewaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayeongea visivyoeleweka, au halali kabisa siku kadhaa huku ana nguvu za ajabu. Asiachwe peke yake, wala asiachwe peke yake na mtoto. Kama ni maombi au dua, mtaomba njiani. Gari litangulie.

KINA BABA, NENO LA MWISHO

Yule baba aliyeuliza dawa, jibu langu ni hili. Leo ukirudi, usimuulize "mbona umenuna?" Muulize "umekula?" Kisha mchukue mtoto, mwambie akaoge taratibu bila haraka, akalale. Fanya hivyo na kesho. Na keshokutwa. Huku unahesabu siku. Zikifika kumi na nne na bado hayuko sawa, mpeleke hospitali na uingie naye ndani, usibaki nje na simu.

Mama, wewe chagua kitu kimoja tu katika hivi vinne, uanze nacho kesho. Kimoja. Vingine vitafuata.

Sehemu ya 7 tutaongelea mtoto anayelia jioni kila siku saa ile ile. Mtumie posti hii mtu mwenye kichanga nyumbani, na mumtumie na mumewe.

Nesi wenu.