Mkono wa Mtoto Utangulie Mashine

Ukipita jioni katika kambi yoyote ya jeshi au ya polisi, hutakosa kumwona mtoto ameshika simu ya baba yake au ya mama yake, vidole vikikimbia juu ya kioo kwa wepesi ambao sisi wazazi hatuna. Wengi hufurahi na kusema, "Mtoto huyu anajua kompyuta." Sisi twasema, kwa heshima, kwamba hajui. Anajua kubonyeza. Askari hahesabiwi kuwa anaijua bunduki mpaka aweze kuifungua, kuisafisha na kuiunga tena. Kwa nini basi tumwekee mtoto kipimo hafifu kuliko tulichowekewa sisi?

Msingi wa simu hiyo, na wa kila kompyuta, ni hesabu yenye tarakimu mbili tu: sifuri na moja. Wataalamu huiita hesabu ya kizio cha mbili. Jina ni zito, lakini jambo lenyewe ni jepesi, na kila askari ataliona mara moja kwa mfano wa gwaride.

Wapange askari watano katika mstari mmoja, wakikutazama. Yule wa mwisho upande wako wa kulia mpe thamani ya 1. Anayemfuata mpe 2. Kisha 4, 8 na 16, kila mmoja maradufu ya yule aliyemtangulia. Anayesimama ahesabiwe, anayechuchumaa asihesabiwe. Ukitaka 19, waamuru wasimame 16, 2 na 1. Wote wakichuchumaa ni 0. Wote wakisimama ni 31. Watu watano, kwa kusimama na kuchuchumaa tu, wamekwisha toa namba 32 mbalimbali. Mwongeze mtu wa sita, nazo zitakuwa 64.

Elimu hii si ya jana. Gottfried Leibniz, mwanahisabati wa Ujerumani, aliieleza katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1703. Mwaka 1937 kijana wa Kimarekani, Claude Shannon, alionyesha kwamba swichi za umeme, kwa kufunguka na kufunga, zaweza kufanya kazi ya mantiki na ya hesabu. Nasi hapa Uganda tunao omweso, ubao wenye mashimo 32 na kete 64. Hatudai kwamba wazee wetu waliutunga kwa ajili ya somo hili. Twasema tu kwamba mtoto akitwaa kete 31, akazigawa katika mashimo matano kwa mafungu ya 16, 8, 4, 2 na 1, kisha akayafunika baadhi yao kwa kiganja, ameanza somo bila ya mzazi kutoa hata shilingi moja.

Kutoka hapo ni hatua fupi kufikia mchezo wa umeme, na huo ndio tunaoupendekeza kwa shule zilizo makambini. Chombo chenyewe ni kisanduku cha mbao chenye swichi tano na taa ndogo tano nyekundu za LED, kila taa ikiwa juu ya swichi yake, na chini yake pameandikwa thamani yake: 16, 8, 4, 2, 1. Betri mbili za tochi, za volti 1.5 kila moja, zatosha. Kila taa iwe na njia yake ya umeme na rezista yake ya ohm 100, ili kuwasha moja kusiathiri nyingine. Fundi yeyote wa redio katika vikosi vyetu anaweza kukilehemu kwa siku moja, na vipande vingi vitapatikana katika vyombo vilivyokwisha kuharibika. Tahadhari moja tu: zisitumike zile betri bapa zinazofanana na vifungo vya shati. Mtoto akiimeza, yaweza kumuunguza koo kwa muda wa saa chache na kumwua. Zitumike betri kubwa, na kifuniko chake kikazwe kwa skrubu.

Mchezo unachezwa na wawili. Mmoja anachukua kadi yenye namba, tuseme 22, na kuziwasha taa zake bila ya kusema neno. Mwenzake anazisoma na kutaja namba hiyo: 16 na 4 na 2. Akikosea, kadi inafunuliwa nao wanahesabu pamoja. Kisha wanabadilishana zamu. Askari wa mawasiliano atatambua mara moja kwamba watoto hawa wanapelekeana habari kwa mwanga, kazi ambayo yeye mwenyewe alifunzwa.

Hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya mafundi. Wao husema kwamba kuna kipande cha elektroniki cha bei nafuu ambacho hujihesabia chenyewe: bonyeza mara moja, taa zinajipanga. Kwa nini tumsumbue mtoto na swichi tano? Tunajibu kwamba katika usumbufu huo ndimo lilimo somo. Mtazame mtoto aliyefika 15. Taa nne za kulia zinawaka, ya 16 imezimika. Unamwambia, "Ongeza moja." Anasita. Anatafuta taa ya kuwasha na hazioni zaidi ya ile moja ya kushoto, lakini akiiwasha hiyo peke yake anapata 31. Hatimaye mkono wake unaanza kulia: anaizima ya 1, anaizima ya 2, ya 4, ya 8, kisha anaiwasha ya 16 na kusimama hapo. Taa nne zimezimika ili moja iwake. Mtoto huyo ameelewa jinsi namba inavyobebwa kutoka nafasi moja hadi nyingine, na kuanzia hapo ataelewa pia kwa nini 99 ikiongezewa moja huwa 100, jambo ambalo huenda alilikariri darasani bila ya kulijua. Mashine ikimfanyia kazi hiyo, ataona taa zikimetameta, atafurahi, na hatajifunza lolote.

Wenzetu wa nchi nyingine walikwisha liona hili. Mwaka 1963 huko Marekani kulitolewa mchezo wa plastiki ulioitwa Digi-Comp. Haukuwa na umeme wowote, wala haukuweza kuhesabu zaidi ya 7, lakini mtoto aliuendesha kwa mkono wake na kukiona kila kipande kikisogea. Huko New Zealand, Tim Bell na wenzake wamelifundisha somo hili kwa kadi za karatasi zenye nukta, bila ya kompyuta. Hatupingi kile kipande chenye kujihesabia. Kiongezwe baadaye, baada ya mtoto kufika 31 kwa vidole vyake. Wakati huo atakipokea kama msaidizi ambaye kazi yake anaijua, wala si kama mchawi.

Wapo watakaosema kwamba hesabu hii ni ya wahandisi, na kwamba mtoto wa askari yamtosha kusoma na kuandika. Fikra hiyo twaikataa. Mtoto wa askari huhama kila mzazi wake anapohamishwa. Leo yuko shule hii, mwaka ujao iko nyingine, na masomo yake hukatika njiani. Kilichokaririwa ubaoni hupotea katika safari hizo. Kilichoingia kwa mkono hubaki, na kisanduku cha swichi tano huingia katika sanduku la nguo.

Kwa hiyo twawaomba wakubwa wa vikosi wawape mafundi wao nafasi na mbao chache. Twawaomba walimu wasione haya kujifunza pamoja na wanafunzi. Na wewe, ndugu askari, urudipo zamu, usingoje kisanduku. Chukua kete za omweso, keti chini pamoja na mwanao, umwulize 19 inaandikwaje. Samaki mkunje angali mbichi.