Mfalme Aanze na Kodi

Tarehe 20 Novemba 1992 Kasri la Windsor liliwaka moto, na vyumba zaidi ya mia moja vikaharibika. Kasri halikuwa na bima. Waziri aliyehusika na urithi wa taifa, Peter Brooke, alitangaza upesi kwamba serikali ingebeba gharama, na wananchi wakamjia juu. Uchumi wa Uingereza ulikuwa umedorora, watu wanapoteza kazi na nyumba, halafu wanaambiwa wamjengee upya mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi yao. Siku sita baadaye Waziri Mkuu John Major alilieleza Bunge kwamba Malkia Elizabeth ataanza kulipa kodi ya mapato. Kiangazi kilichofuata Kasri la Buckingham likafunguliwa kwa wageni, tiketi pauni 8, na viingilio hivyo vikalipia sehemu kubwa ya pauni milioni 36.5 zilizotumika kuikarabati Windsor.

Waliong'aka kuhusu kodi yao ndio hao hao waliopanga foleni ya tiketi. Kwa hiyo tusiseme walikuwa na mkono wa birika. Waliudhika kutakiwa wambebee mtu mzigo ambao mwenyewe hajaugusa.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya hisani, na swali tulilowapa waandishi wetu ni hili: je, mtu wa ukoo wa kifalme, mwenye mali ya kurithi, ana haki ya kumhimiza muuguzi au dereva wa basi atoe? Jibu la haraka ni kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hiyo naipenda, ila nimegundua huwa tunawasomea maskini. Sijaisikia ikitajwa mbele ya tajiri kwa nia ya kumbana.

Tuanze na utetezi wa watu wa kifalme, maana upo na si mdogo. Aprili 1987, wakati watu wengi waliogopa hata kukaa karibu na mgonjwa wa UKIMWI, Diana, mke wa Charles ambaye sasa ni Mfalme, alimshika mkono mgonjwa katika hospitali ya Middlesex jijini London, bila glavu. Januari 1997 alipita katika uwanja wa mabomu ya ardhini huko Huambo, Angola, na kabla mwaka haujaisha mkataba wa kuyapiga marufuku ukasainiwa Ottawa. Kampeni ya mkataba huo ilianza kabla yake na ilikuwa na wafanyakazi wake, lakini picha zile zilifika mahali ambapo ripoti hazifiki. Hundi haiwezi kufanya kazi ya namna hiyo. Anayesema watu wa kifalme watoe fedha zao kisha wanyamaze anasahau kwamba sura maarufu nayo ni mali, na ni afadhali itumike.

Tatizo ni kwamba kazi ya Diana imekuwa kinga ya ukoo mzima. Mwaka 2020 watafiti wa taasisi ya Giving Evidence walichunguza mashirika ya hisani ya Uingereza yenye walezi wa kifalme, wakakosa ushahidi kwamba ulezi huo unayaongezea mapato. Karibu robo tatu ya mashirika hayo hayakuwa yamepata hata ziara moja rasmi ya mlezi wao katika mwaka uliotangulia. Jina lipo juu ya barua, basi.

Na fedha je? Mfalme Charles ana Milki ya Lancaster, na mwanawe mkubwa, William, ana Milki ya Cornwall, iliyoanzishwa mwaka 1337 na iliyompa pauni milioni 23.6 katika mwaka wa fedha wa 2023/24. Mwaka 2023 gazeti la The Guardian lilionyesha kwamba watu wanaofia katika eneo la kale la Lancaster bila wosia wala ndugu wanaojulikana, mali yao huingia katika milki ya Mfalme. Wananchi walikuwa wakiambiwa fedha hizo huenda kwenye hisani, kumbe sehemu yake ilikuwa ikikarabati nyumba za milki zinazopangishwa kwa faida. Mwaka uliofuata ikafichuka kwamba milki hiyo hiyo ilikuwa imeipangisha hospitali ya umma ya London ghala la kuegesha magari ya wagonjwa, kwa mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 11. Na kabla ya hayo, mapema Mei 2023, siku mbili baada ya kutawazwa kwa Charles, sherehe iliyoigharimu serikali pauni milioni 72, wananchi waliitwa wajitolee bure katika jamii zao, kuwa sehemu ya shamrashamra. Wengi waliitikia, na sitawacheka.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa tofauti ya faradhi na sunna. Zaka inadaiwa, sadaka ni hiari. Anayekwepa ya kwanza hawezi kuipamba ya pili akaeleweka. Sasa tazama hesabu ya kifalme. Chini ya makubaliano ya kodi ya 1993 kati ya serikali na mtawala, mali inayopita kutoka kwa mtawala kwenda kwa mrithi wake wa kiti haitozwi kodi ya mirathi. Raia mwingine hutozwa asilimia 40 ya kinachozidi kiwango kilichosamehewa. Charles alirithi Septemba 2022 na hakudaiwa kitu. Hata kodi ya mapato anailipa kwa ridhaa yake, kwani hakuna sheria inayomlazimisha. Alipokuwa Mwanamfalme wa Wales alikuwa akitangaza kiasi alicholipa. William, katika taarifa ya kwanza ya mwaka mzima tangu aipokee Cornwall, hakukitaja. Maana yake, kwa mfalme kodi yenyewe imegeuka sadaka, na muuguzi, ambaye kodi yake hukatwa kabla mshahara haujamfikia, anaombwa atoe tena juu yake.

Katika harambee zetu mgeni rasmi hathubutu kusimama akahimiza wengine bila kutaja chake. Tunajua pia kwamba fedha za wageni rasmi wengine haziulizwi zilikotoka, kwa hiyo sitoi mfano huu kwa majivuno. Lakini utaratibu wenyewe una akili.

Dar es Salaam imewahi kuona namna nyingine. Agosti 1946 Aga Khan wa Tatu, Sultan Muhammad Shah, imamu wa Waismailia, alipimwa kwa almasi mbele ya wafuasi wake, kuadhimisha miaka 60 ya uimamu. Mtu huyu hakuwa fukara. Farasi wake walikwisha kushinda mbio za Derby za Epsom mara tatu. Wafuasi, wengi wao wenye maduka madogo, walichanga fedha za thamani ya almasi zile. Naye hakuzitia mfukoni. Ziliwekwa katika mfuko wa uwekezaji uliowakopesha Waismailia wa kawaida mitaji na fedha za nyumba, na benki ya Diamond Trust inatokana na mradi huo. Mchangiaji aliweza kuingia ofisini na kuomba mkopo kutoka katika fedha alizochanga.

Bila shaka wale walikuwa waumini wanaomtii imamu wao. Mwingereza hana kiapo cha namna hiyo kwa Charles. Ana mamlaka ya mapato inayomwandikia barua. Ndiyo maana sharti langu kwa Mfalme ni la kikodi, si la kiroho: kifungu cha mirathi cha 1993 kifutwe, kodi ya mapato iwe ya kisheria, na kiasi kinacholipwa kichapishwe kila mwaka. Wawili kati ya waandishi wa toleo hili wanaona nimekuwa mkali mno, na mmoja anaona nimemwonea huruma. Wote watatu tumewapa nafasi.