Tanga likianuliwa, tuketi tena

Daftari la chama chetu cha kuzikana, hapa mtaani kwetu Mwanza, lina safu za jina la marehemu, jina la mfiwa, michango, matumizi na salio. Mimi ndiye katibu, nalitunza. Humo utakuta turubai, viti, jenereta, kuni, mchele, maharage, jeneza au sanda, na gari la kwenda makaburini. Mwanachama akifiwa usiku wa manane, alfajiri inakuta maji yanachemka na wanaume wameshakoka moto nje. Kazi hii naionea fahari. Huku Usukumani nzengo, yaani jumuiya za majirani, zimeifanya tangu zamani, na anayekwepa msiba wa jirani hutozwa faini. Hatumwachi mtu azike peke yake.

Lakini tunamwacha aomboleze peke yake. Tanga likishaanuliwa na viti vikarudi stoo, mfiwa anabaki na "pole" za njiani. Mwezi ukipita, hata pole hizo zinakoma, kwa kuwa tunaogopa kumkumbusha. Kana kwamba amesahau! Kwa hiyo naomba jambo moja kwa vyama vyote vya kuzikana, kwa jumuiya, kwa misikiti na makanisa: baada ya arobaini turudi kwa mfiwa, tuketi, tumpe nafasi ya kusema yaliyo moyoni.

Tazama maneno tunayompa mtu siku za msiba. "Jikaze." "Kazi ya Mungu haina makosa." "Usilie mbele ya watoto." Mwanamume huambiwa yeye ndiye nguzo ya nyumba, basi anakwenda kulia chooni. Mtoto huambiwa baba amesafiri. Namjua mtoto wa darasa la pili aliyekuwa akikimbilia barabarani kila basi la jioni liliposimama, kwa sababu aliamini baba yake yuko safarini. Aliyemweleza ukweli hakuwa mama, shangazi wala mwalimu. Ni mwanafunzi mwenzake, tena kwa kumzomea.

Mke wangu alipofariki, nyumba ilijaa watu siku zote za msiba, nami nawashukuru hadi leo. Mwezi wa pili, jioni moja, alikuja bibi mmoja jirani yetu, muuza dagaa wa mwalo wa Kirumba. Akaketi kwenye kigoda, akasema, "Mwanangu, hebu nieleze siku yake ya mwisho." Sikuwa nimeulizwa hivyo na mtu yeyote. Nilimweleza habari za dripu, za uji wa ulezi alioutaka na kunywa vijiko viwili tu, za deni la kitenge alilonituma nikalilipe. Giza likaingia nami bado nasema. Yule bibi ni mcha Mungu kuliko mimi, lakini jioni ile hakunihubiria. Alisikiliza, akauliza tena, akasikiliza. Usiku ule nilipata usingizi.

Tuna msemo kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sawa, na maiti hasemi. Ila mfiwa yu hai, yuko nyumba ya pili, na ana mdomo. Kinachokosekana ni wa kumuuliza.

Wapo watakaosema kwamba vikao tunavyo tayari. Ni kweli. Msiba ukiisha, ukoo hukaa kikao. Huhesabiwa michango, hutajwa madeni ya marehemu, huteuliwa msimamizi wa mirathi, na muhtasari ukaandikwa ili upelekwe Mahakama ya Mwanzo. Nimeandika mihtasari mingi ya namna hiyo kwa majirani zangu. Kiwanja kimo, pikipiki imo, ng'ombe wamo. Sijawahi kuandika kwamba mjane alipewa nafasi aseme anaendeleaje. Ugomvi mwingi wa mirathi niliouona ulianzia hapo: watu wenye uchungu ambao haukusemwa wakagombania bati na vitanda.

Kazini nako hali ni hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyefiwa na mwenzi, mzazi, mtoto au ndugu yake angalau siku 4 za likizo yenye malipo. Zinatosha kusafiri, kuzika na kurudi. Dini na mila zetu zilijua kwamba majonzi yanahitaji muda zaidi: mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10, na karibu kila kabila lina siku yake ya kurudi kwa wafiwa. Siku hizo bado tunazishika, ila mara nyingi zimebaki kuwa za chakula na hesabu.

Wengine wanaona kusema uchungu ni upungufu wa imani. Ndugu zangu Wakristo, Yesu mwenyewe alilia machozi kwa ajili ya Lazaro. Ndugu zangu Waislamu, Mtume Muhammad alilia alipofariki mwanawe Ibrahim. Kama hao walilia mbele ya watu, sisi tunamkataza nani?

Na hofu kubwa kuliko zote ni kwamba mazungumzo yatatonesha kidonda. Jibu langu liko Igoma, hapa hapa Mwanza, walikozikwa wengi wa waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Nimehudhuria kumbukumbu pale. Hotuba zikiisha na wageni wa heshima wakiondoka, watu wanabaki. Mama anasimulia gauni alilovaa binti yake, mzee anasimulia alivyosubiri bandarini tangu alfajiri. Wengi hawajuani majina, lakini wanasikilizana kama ndugu. Miaka yote hiyo haikuwafanya wasahau, na kusimulia hakujawaangamiza. Wanaondoka wakiwa wepesi kuliko walivyokuja.

Kuna na wafiwa ambao hata tanga hawapati. Mama aliyejifungua mtoto mfu huambiwa "utapata mwingine" kabla maziwa hayajamkauka kifuani. Katiba ya chama chetu haimtambui kuwa mfiwa, hana ukurasa katika daftari langu, na jambo hilo nataka tulibadilishe. Kuna na familia ya aliyejiua. Wasifu wake husomwa haraka, watu wakaangalia chini, kisha minong'ono ikaanza. Kanuni ya Adhabu yetu bado inamhesabu anayejaribu kujiua kuwa mkosaji, hivyo aliye hatarini naye huogopa kusema. Familia hizo ndizo zinazohitaji mtu wa kubisha hodi kuliko zote.

Kikao ninachokipendekeza hakina gharama. Viti tunavyo, na chai ya rangi inatosha. Jina la marehemu litajwe, si "marehemu" peke yake. Kila anayetaka asimulie alivyomjua, na asiyetaka aachwe anyamaze. Watoto wawepo, waelezwe ukweli kwa maneno ya umri wao. Kusiwe na mahubiri marefu wala kauli ya fedha. Mirathi ina kikao chake. Wanaume nao wapewe nafasi ya kusema, tena mapema, kwa sababu tukisubiri wajitokeze wenyewe tutakesha. Na linalosemwa pale lisigeuzwe umbea bombani. Atakayelitoa nje tumwite kama tunavyomwita mwanachama asiyelipa mchango.

Mazungumzo hayatibu kila kitu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua majonzi mazito yasiyopungua kwa zaidi ya miezi 6 na kumzuia mtu kuendesha maisha yake kuwa ni ugonjwa unaohitaji tiba. Jirani ambaye miezi inapita halali, hali, au anasema haoni sababu ya kuishi, tumsindikize hospitali, tumkutanishe na afisa ustawi wa jamii. Lakini tutamjuaje kama hatujaketi naye?

Makatibu wenzangu, ajenda za mkutano ujao tunaziandika sisi. Baada ya taarifa ya mapato na matumizi, kabla ya mengineyo, tuongeze ajenda moja: wanachama waliofiwa miezi mitatu iliyopita, na nani amekwenda kuketi nao. Tusome majina yao mmoja mmoja. Likisomwa jina na mkutano mzima ukanyamaza, wachaguliwe watu wawili palepale, wapangiwe siku, nayo iandikwe kwenye muhtasari.